Kuifunga Barua Pepe Inapoingia: Namna Seva Ndogo Inavyoweza Kutunza Siri za Watu

Nianze na kisa kilichonifanya nijifunze jambo hili.

Nilipokuwa katika mwaka wa kichungaji, parokia niliyotumwa ilikuwa na kompyuta ndogo iliyofanya kazi ya seva ya barua pepe. Kijana mmoja mwanakwaya aliyesomea kompyuta ndiye aliyeitengeneza na kuiweka ofisini, juu ya kabati la vitabu vya ubatizo, na kwa miaka kadhaa ilipokea barua za parokia bila shida. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ikazimika isiwake tena. Tukaipeleka mjini kwa fundi. Ilikaa kwake siku nne, ikarudi ikiwa nzima, nasi tukamshukuru.

Wiki mbili baadaye mama mmoja wa jumuiya alikuja kwa Baba Paroko akilia. Miezi kadhaa nyuma alikuwa amemwandikia barua pepe, akieleza kipigo alichokuwa akikipata nyumbani na jinsi alivyopanga kuondoka na watoto kwenda kwa dada yake. Hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote. Sasa maneno yake mwenyewe, pamoja na jina la mji anaokaa dada yake, yalikuwa yakisemwa sokoni. Paroko hakuwa ametoa siri. Ilikuja kujulikana kwamba mtu fulani pale kwa fundi aliichomoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine ili kuipima, akaziona barua, akasoma.

Tulishangaa na kusema, "Lakini kompyuta ilikuwa na nywila!" Ndiyo, ilikuwa nayo. Nywila ile ililinda mlango wa mbele tu. Diski ilipotolewa, ilikuwa sawa na mtu aliyepitisha kabati zima dirishani. Ndani ya kabati hilo karatasi zote zilikuwa wazi, na yeyote mwenye macho angeweza kuzisoma.

Makala hii inaeleza njia mojawapo ya kuzuia jambo kama hilo: kuifanya seva iifunge kila barua mara inapoingia, kabla ya kuihifadhi, kwa namna ambayo hata seva yenyewe haiwezi kuifungua tena. Si lazima uwe mtaalamu wa kompyuta ili kuelewa. Anayetunza seva atapata hatua za kufuata, na asiye na seva atajua nini cha kuuliza kabla ya kuandika jambo zito.

Barua pepe husafiri wazi na kulala wazi

Kanuni za kupeleka barua pepe kutoka seva moja hadi nyingine, ziitwazo SMTP, ziliandikwa mwaka 1982. Wakati huo mtandao ulikuwa wa vyuo vikuu na taasisi chache za utafiti, na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja watu wangeutumia kueleza magonjwa yao, madeni yao na matatizo ya ndoa zao. Ndiyo maana barua pepe ya kawaida inafanana na postikadi kuliko barua iliyo ndani ya bahasha. Kila mkono inaopitia unaweza kuisoma.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 iliongezwa njia ya kuilinda barua ikiwa safarini. Seva mbili zinapozungumza, hukubaliana kwanza lugha ya siri, kisha barua hupita ndani ya mazungumzo hayo. Leo seva nyingi hufanya hivyo. Hilo ni jambo jema, lakini lielewe vizuri: linalolindwa ni barabara tu. Ni kama gari la posta lenye kufuli. Likifika, kufuli hufunguliwa, mzigo hushushwa, na postikadi hupangwa rafuni zikiwa wazi kama zilivyoandikwa.

Na hapo rafuni ndipo barua hukaa muda mrefu zaidi. Safari yake huchukua sekunde chache. Kulala kwake kwenye seva kunaweza kuchukua miaka kumi. Katika miaka hiyo seva inaweza kuibwa, kupelekwa kwa fundi, kuuzwa ikiwa imechakaa, au kuvunjwa na mwizi wa mtandaoni aliye mbali. Kama ni seva ya kukodi, wafanyakazi wa kampuni inayoikodisha wanaweza kuifikia diski yake. Tukitaka kuziba ufa, basi ufa mkubwa uko hapa.

Funguo mbili na sanduku la sadaka

Kuandika ujumbe kwa namna isiyosomeka na asiyehusika huitwa usimbaji fiche. Katika makala hii nitasema kusimba tu, na kuurudisha usomeke nitasema kusimbua. Kwa karne nyingi aliyesimba na aliyesimbua walilazimika kuwa na ufunguo mmoja uleule. Shida ilikuwa namna ya kupelekeana huo ufunguo bila kuibiwa njiani.

Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitangaza wazo jipya: mtu awe na funguo mbili zinazokwenda pamoja. Mmoja ni wa umma, unaoweza kupewa mtu yeyote, nao kazi yake ni kufunga tu. Wa pili ni wa siri, hubaki na mwenyewe, nao ndio pekee unaofungua. Mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walipata hesabu ya kulitekeleza wazo hilo, ambayo hadi leo inaitwa RSA kwa herufi za kwanza za majina yao.

Mfano wake tunauona kila Dominika. Sanduku la sadaka lina tundu juu. Mtoto, mzee, mgeni aliyepita njiani, kila mtu anaweza kutumbukiza sarafu yake. Lakini sarafu ikishaingia, hata aliyeitumbukiza hawezi kuitoa. Anayeitoa ni mwenye ufunguo. Tundu lile ndilo ufunguo wa umma. Hakuna ubaya wowote likionekana na watu wote.

Mwaka 1991 Phil Zimmermann wa Marekani alitoa programu iitwayo PGP, iliyowapa watu wa kawaida uwezo wa kusimba barua pepe zao. Programu hiyo ilisambaa nje ya nchi yake, na serikali ya Marekani ikamchunguza kwa miaka mitatu hivi, kwa sababu sheria zake za wakati huo ziliweka programu za kusimba katika kundi moja na silaha. Uchunguzi ulifungwa mwanzoni mwa mwaka 1996 bila yeye kushtakiwa. Mwaka 1998 utaratibu wa PGP uliandikwa kuwa kanuni ya wote kwa jina la OpenPGP, na kanuni hiyo ikafanyiwa marekebisho mwaka 2007 na tena mwaka 2024. Programu ya bure inayoifuata, GnuPG, iliyoanzishwa na Werner Koch wa Ujerumani, ilitoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 1999. Hiyo ndiyo tutakayoitumia.

Kwa nini afunge mpokeaji, na si mwandishi

Njia bora kabisa ni mwandishi mwenyewe kuisimba barua kabla haijatoka kwenye kompyuta yake. Hapo barua hufungwa tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini tuseme kweli: zaidi ya miaka 30 imepita tangu PGP itolewe, na ni watu wachache sana wanaosimba barua zao. Mama anayeandika usiku kwa simu, watoto wakiwa wamelala, hatatafuta kwanza ufunguo wa umma wa paroko. Ataandika na kutuma. Tukisubiri waandishi wote wajifunze, tutasubiri sana.

Basi mzigo auchukue mpokeaji. Anaipa seva yake ufunguo wa umma, na kuiagiza: kila barua inayoingia ikiwa wazi, isimbe kwa ufunguo huu, kisha uihifadhi. Ufunguo wa siri haukanyagi kwenye seva hata siku moja. Unakaa kwenye kompyuta mpakato au simu ya mwenyewe. Seva inageuka kuwa sanduku la sadaka: inapokea na kufunga, lakini haiwezi kufungua. Mwandishi hahitaji kubadili chochote, wala hata kujua kwamba jambo hili linafanyika.

Kama seva yetu ya kisa cha mwanzo ingekuwa hivyo, aliyechomoa diski angekuta mafaili yaliyojaa herufi na tarakimu zisizo na maana.

Hatua za kufuata kwenye seva

Nazungumza na yule anayetunza seva yake. Seva nyingi ndogo hutumia programu mbili za bure: Postfix, inayopokea barua kutoka nje, na Dovecot, inayozihifadhi na kumpa mwenyewe anapotaka kusoma. Kusimba kunafanyika katikati ya hizo mbili.

Kwanza, tengeneza jozi ya funguo kwenye kompyuta yako mwenyewe, si kwenye seva. Ulinde ufunguo wa siri kwa fungu refu la maneno unaloweza kulikumbuka. Kisha toa nakala ya ufunguo wa umma peke yake na kuipeleka kwenye seva. Kila ufunguo una alama yake ya utambulisho, mfululizo wa herufi na tarakimu mfano wa alama ya kidole. Linganisha alama ya ufunguo uliouweka kwenye seva na ile iliyo kwenye kompyuta yako, na urudie kulinganisha mara kwa mara. Mwizi akiweza kuingia na kuubadilisha ufunguo huo kwa wake, barua zitakuwa zinafungwa kwa ajili yake.

Pili, panga utaratibu wa kazi. Ukaguzi wa barua taka, wa virusi, na wa kuthibitisha kama kweli barua imetoka inakodai imetoka, yote hayo lazima yatangulie. Barua ikishasimbwa, kichujio cha barua taka hakiwezi kuona kilichomo, na sahihi ya seva iliyoituma haitalingana tena na maandishi yaliyobadilika. Kagua kwanza, andika matokeo kwenye vichwa vya barua, ndipo ufunge.

Tatu, ingiza programu ya kusimba. Ziko njia kadhaa. Dovecot ina lugha ndogo ya maagizo iitwayo Sieve, na kiambatisho chake kimoja huruhusu kila barua ipitishwe katika programu nyingine kabla ya kuhifadhiwa. Kwa njia hiyo unaweza kutumia programu fupi kama gpgit, iliyoandikwa na Mike Cardwell kwa kazi hiihii: inapokea barua upande mmoja na kuitoa upande wa pili ikiwa imesimbwa. Nyingine ni Zeyple, inayounganishwa na Postfix yenyewe. Zote hizi mwishowe humwita GnuPG afanye kazi.

Nne, hakikisha barua ambayo tayari imesimbwa na mwandishi inaachwa kama ilivyo. Ukiisimba mara ya pili utajiongezea usumbufu wa kufungua bahasha ndani ya bahasha.

Tano, amua mapema itakuwaje kusimba kukishindikana, kwa mfano ufunguo ukiwa umefikia tarehe yake ya mwisho. Hapa wengi hukosea. Mipangilio mingine huiacha barua ipite ikiwa wazi, nawe unaendelea kuamini kwamba umejilinda. Mingine huipoteza barua kabisa, jambo ambalo ni baya zaidi. Kilicho sahihi ni programu kutoa jibu la "nimeshindwa kwa sasa", ili barua ibaki kwenye foleni na kujaribiwa tena. Postfix, isipobadilishwa, hushikilia barua ya namna hiyo kwa siku 5 kabla ya kumrudishia aliyeituma. Siku 5 zinatosha kugundua tatizo kama unaitazama seva yako. Jaribu kwa makusudi: ondoa ufunguo kwa muda, jitumie barua, uone kinachotokea.

Namna ya kusoma

Kwenye kompyuta, programu ya Thunderbird imekuwa na uwezo wa OpenPGP ndani yake tangu toleo la 78 la mwaka 2020. Unaingiza ufunguo wako wa siri mara moja, na baada ya hapo barua hufunguka unapozibofya. Kwenye simu za Android, programu ya K-9 Mail hushirikiana na nyingine iitwayo OpenKeychain, inayotunza funguo.

Usumbufu mmoja utauona mapema: utafutaji. Ulipozoea kuandika neno moja na seva ikakutafutia barua zote zenye neno hilo, sasa seva haiwezi, kwa sababu haisomi. Utatafuta kwa jina la mwandishi, kwa tarehe au kwa mada. Ni gharama ndogo, lakini ni vizuri kuijua kabla.

Yasiyolindwa

Ni vibaya kumwambia mtu kwamba yuko salama pale ambapo hayuko salama. Kwa hiyo nieleze mipaka ya njia hii.

Kinachosimbwa ni mwili wa barua na viambatisho vyake. Jina la mwandishi, jina la mpokeaji, tarehe na mada hubaki wazi. Mtu akiandika kwenye mada "Mume wangu amenipiga tena", kufunga yaliyomo kumesaidia kidogo sana. Tuwaombe waamini waandike mada za kawaida tu, kama "Naomba ushauri".

Nakala iliyobaki kwa mwandishi haimo katika uwezo wetu. Iko kwenye simu yake na kwenye seva ya kampuni anayoitumia. Kadhalika barua yako ya kumjibu, ikimnukuu, inakwenda ikiwa wazi usipoisimba.

Vilevile kuna muda mfupi, kati ya barua kuingia na kufungwa, ambapo seva inaiona wazi. Mwizi aliyekwisha kuingia ndani na kukaa kimya anaweza kunakili kila barua mpya wakati huo. Hataweza kusoma zile zilizofungwa kabla hajafika. Hiyo ndiyo faida, na ni kubwa: wizi wa leo hauchukui siri za miaka kumi iliyopita.

Barua ulizotuma wewe ni jambo jingine linalosahaulika. Programu ya kwenye kompyuta yako huziweka moja kwa moja kwenye folda ya zilizotumwa, bila kupita mlango wa kuingilia, kwa hiyo hazisimbwi. Dawa yake ni rahisi: zima uhifadhi huo, na badala yake jiwekee nakala ya siri ya kila barua unayotuma. Nakala itaingia kwa mlango wa kawaida na kufungwa kama nyingine.

Barua za zamani pia hazijifungi zenyewe. Inabidi kuzipitisha zote katika programu ileile mara moja. Hata hivyo, faili lililofutwa laweza kuacha mabaki kwenye diski, kwa hiyo ni afadhali kuzihamishia kwenye diski mpya na kuiharibu ya zamani. Usisahau nakala za akiba zilizotengenezwa kabla: flashi iliyoko kwenye droo ina kila kitu.

Mwisho, mwezi Mei 2018 watafiti walitangaza kasoro waliyoiita EFAIL. Mtu aliyenasa barua iliyosimbwa aliweza kuizungushia maandishi yake na kuituma tena, na programu ya msomaji, ilipofungua barua na kwenda kuchukua picha za mtandaoni zilizotajwa humo, ikampelekea mwizi maneno yaliyosimbuliwa. Programu zilirekebishwa, lakini fundisho limebaki: zima upakuaji wa picha za nje, na soma barua kama maandishi matupu inapowezekana.

Ufunguo anakaa nao nani?

Swali hili ni zito kuliko yote ya kiufundi. Ukiupoteza ufunguo wa siri, au ukisahau maneno yanayoulinda, barua zako zote zimepotea. Hakuna ofisi ya kwenda kulalamika, wala fundi wa kukusaidia. Hesabu ileile inayomzuia mwizi inakuzuia na wewe. Kwa hiyo weka angalau nakala mbili za ufunguo, mahali pawili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba unamolala. Tengeneza pia cheti cha kuubatilisha, ili siku ufunguo ukiibwa uweze kuwatangazia watu kwamba hautumiki tena.

Kanisa si geni katika mambo ya funguo. Sheria Kanoni ya mwaka 1983 inaagiza kwamba hifadhi ya nyaraka ya jimbo ifungwe na ufunguo wawe nao Askofu na Kansela tu (kanuni 487). Na kwa hifadhi ya siri, ufunguo awe nao Askofu peke yake (kanuni 490). Kanuni 220 inakataza kuvunja haki ya mtu ya kulinda mambo yake ya faragha. Waliotunga kanuni hizo walifikiria makabati na karatasi, lakini swali lao ndilo letu: nani afungue, na kwa sababu gani?

Fikiria uhamisho. Baba Paroko akihamia parokia nyingine na ufunguo wake, ofisi inabaki na barua isizoweza kuzisoma: mawasiliano na jimbo, risiti, maombi ya vyeti. Lakini akimwachia ufunguo anayemfuata, basi padre mpya amepewa pia siri za watu ambao hawakumwandikia yeye.

Njia ya kutoka ni kutenganisha anwani. Anwani ya ofisi iwe ya mambo ya ofisi, na barua zake zisimbwe kwa funguo mbili au tatu kwa pamoja, mathalani wa paroko, wa paroko msaidizi na mmoja unaotunzwa jimboni. OpenPGP inaruhusu hilo bila shida, kwa sababu ya namna inavyofanya kazi: kila barua hufungwa kwa ufunguo mdogo wa mara moja, kisha huo ufunguo mdogo ndio unaofungwa kwa ufunguo wa umma wa kila mhusika. Barua inakuwa moja, na yeyote kati yao anaweza kuifungua. Anwani ya pili iwe ya padre mwenyewe, kwa ushauri wa kiroho na mambo ya faragha, ifungwe kwa ufunguo wake peke yake, naye aondoke nao. Waamini waambiwe wazi kwenye matangazo ni anwani ipi ya kazi ipi.

Na kuna jambo lisilohitaji programu yoyote: kufuta. Barua ya ushauri iliyokwisha kujibiwa miaka saba iliyopita haina sababu ya kuendelea kuwepo. Kisichokuwepo hakiibwi.

Sheria za nchi nazo zimeanza kuligusa jambo hili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika mwezi Mei 2023. Parokia inayotunza majina, magonjwa na hali za ndoa za watu haiwezi kudhani kwamba sheria hizo zinahusu mabenki na kampuni za simu pekee.

Kwa asiye na seva

Wasomaji wengi hawana seva, nao hawahitaji kuwa nayo. Zipo huduma zinazofanya kazi hii kwa niaba yako. Proton Mail ya Uswisi, kwa mfano, huzihifadhi barua zinazoingia zikiwa zimesimbwa kwa ufunguo wa mwenye anwani. Huko pia mipaka niliyoitaja haiondoki: mada hubaki nje ya kufuli, na kampuni inaiona barua ya kawaida kwa muda mfupi inapoingia. Ukitumia huduma nyingine yoyote, angalau weka nywila kwenye simu yako, na usiiache barua pepe yako ikiwa imefunguliwa kwenye kompyuta ya dukani.

Kwako mwamini unayetaka kumwandikia padre jambo zito: muulize kwanza barua zake anazitunzaje. Si utovu wa heshima. Unaweza kuandika tu kwamba unaomba nafasi ya kuonana naye, na mengine ukayasema ana kwa ana. Maungamo hayaandikwi kwa barua pepe kabisa. Tangu mwaka 2002 hati ya Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii kuhusu Kanisa na intaneti ilieleza wazi kwamba hakuna sakramenti za mtandaoni.

Kwenu mafrateri wenzangu: wengi wetu tutapewa siku moja ofisi yenye kompyuta ambayo hatukuiweka sisi. Siku ya kwanza tutakagua hesabu, vitabu vya ubatizo na funguo za sakristia. Tukague na hili.

Narudi pale nilipoanzia. Mama yule hakupata madhara makubwa zaidi kwa sababu wanajumuiya wenzake walimsaidia kuondoka mapema, kwenda mahali pengine ambapo hapakutajwa kwenye barua. Lakini hakumwandikia tena padre yeyote. Alimwambia Baba Paroko kwamba hamlaumu, ila maneno yakishatoka hayarudi.

Mwaka uliofuata, yule kijana mwanakwaya nami tulikaa siku mbili tukaitengeneza upya seva kwa njia niliyoieleza hapa. Masika ile umeme uliiunguza tena, nasi tukaipeleka tena mjini kwa fundi. Safari hii Baba Paroko hakuuliza itakaa huko siku ngapi.